Kina cha Dirisha: Uhakiki wa Vizuia-Jua vya Salama

Jengo la biashara linalotazama Barabara Kuu ya Nairobi–Mombasa mjini Salama, Kaunti ya Makueni, lina umbo ambalo msafiri wa njia hiyo amelizoea kiasi cha kutolitazama tena: maduka chini, baraza lenye paa la mabati mbele ya maduka hayo, na ghorofani safu ya madirisha ya chuma yaliyokaa kwenye ukuta mtupu, kila moja na kioo chake, grili yake na pazia lake. Ninapendekeza tuisome safu hiyo ya juu kama tunavyosoma ubeti, yaani kwa kuuliza kila kipande kimekaa wapi, kimetanguliwa na nini, kinatangulia nini, na kinafanya kazi gani hapo kilipo. Swali linaloongoza usomaji huu ni moja: jua la alasiri linapoufikia ukuta huo, ni kipande kipi hasa kinachokutana nalo kwanza, na kinakutana nalo nje au ndani? Hoja yangu, nitakayoitetea kwa vipimo na mifano, ni kwamba katika nchi yenye jua kama hii ubora wa dirisha umo katika kina chake, na kina hicho hakina budi kuwa upande wa nje wa kioo.

Muktadha kwanza. Salama iko kusini mwa ikweta kwa umbali usiofika nyuzi 2, na hilo peke yake linatuambia mengi kuhusu jua tunaloshughulika nalo. Mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na siku za mwisho za Septemba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Mwezi wa Juni hupita upande wa kaskazini, likiwa na kimo cha takriban nyuzi 65 kutoka kwenye upeo, na Desemba hupita upande wa kusini kwa kimo cha nyuzi 68 hivi. Jua la kimo hicho ni mzigo wa paa kuliko wa dirisha. Chukua ukingo wa paa uliotokeza sentimita 60 nje ya ukuta: adhuhuri ya Juni, kivuli chake kwenye ukuta wa kaskazini hushuka sentimita 127 hivi, na adhuhuri ya Desemba, kwenye ukuta wa kusini, hushuka karibu mita 1.5. Dirisha la mita 1.2 lililowekwa papo hapo chini ya ukingo huo limefunikwa lote, bila pazia, bila tinti, bila gharama zaidi ya mabati yaliyorefushwa kidogo. Asubuhi na jioni, jua linaposhuka, huwa linaupitia ukuta wa namna hiyo kwa ubavu tu. Ni nadra katika sanaa ya ujenzi kukuta kipande kimoja kilicholala kikifanya kazi kubwa kiasi hicho kwa maneno machache kiasi hicho.

Ila mji wa kando ya barabara haujengwi kwa kufuata dira. Barabara hii, ikitoka Konza kuelekea Sultan Hamud, kwa ujumla inakwenda kutoka kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki, na ploti za futi 50 kwa 100 zimepimwa zikiipa uso, kwa sababu uso ndio unaouza: dereva wa lori anayetafuta chai na mahali pa kulala lazima alione jengo kabla hajalipita. Matokeo yake ni safu mbili za majengo zinazotazamana, moja ikielekea kaskazini-mashariki na kupokea jua la asubuhi, nyingine ikielekea kusini-magharibi na kupokea la alasiri. Safu hii ya pili ndiyo inayotuhusu. Kuanzia Oktoba hadi Februari jua hutua kusini mwa magharibi, maana yake linakaribia kuwa mbele kabisa ya madirisha yake, na miezi hiyo ndiyo inayobeba Januari na Februari, wakati mvua za vuli zimekwisha Ukambani, mbingu ni nyeupe na vumbi limeanza kupanda. Mwandishi wa jengo, kwa kuifuata barabara, ameugeuza uso wake mahali palepale ambapo jua la kiangazi litakuja kuugonga.

Hapo kanuni ya ukingo wa paa inavunjika, na inafaa kuona inavunjika kwa kiasi gani. Mwishoni mwa Januari, saa kumi na moja jioni, jua likiwa na kimo cha nyuzi 25 hivi, ukingo uleule wa sentimita 60 hutupa kivuli cha takriban sentimita 31 kwenye ukuta unaotazama kusini-magharibi. Saa kumi na mbili kivuli hicho kimebaki sentimita 13. Dirisha la mita 1.2, lililokuwa limefunikwa lote katika ukuta wa kaskazini, sasa limefunikwa robo, kisha sehemu ya kumi. Kofia ya zege ambayo mafundi wengi huitokeza juu ya kila dirisha, iliyo fupi kuliko ukingo wa paa, inapata hasara kubwa zaidi. Kofia hiyo ni mapambo yaliyoazimwa kutoka ukuta mwingine: ina maana kaskazini na kusini, na inapowekwa magharibi inabaki na umbo bila kazi, isipokuwa ile ya kuzuia mvua, ambayo siidharau.

Baraza la chini linastahili kusomwa kwa subira zaidi, kwa kuwa ndilo kipande chenye kina kikubwa kuliko vyote katika jengo. Upana wake ni kama mita 2, nguzo zake ni za chuma au mbao, na chini ya mabati yake watu hukaa, husuka nywele, hupima nafaka, huuza maembe. Kwa sehemu kubwa ya siku kivuli chake ni kamili. Lakini hata kina cha mita 2 kinashindwa jioni ya Januari: saa kumi na moja, kivuli kimeshuka kiasi cha mita moja tu chini ya ukingo wa baraza, kwa hiyo ukingo ukiwa mita 2.4 kutoka chini, jua linapita chini yake na kuugonga ukuta wa duka hadi kimo cha mita 1.35, yaani juu kidogo ya kaunta. Ndipo mwenye duka anapoteremsha turubai kutoka kwenye ukingo wa baraza. Kitendo hicho cha kila siku ni uhakiki wenyewe. Kinatambua kwamba kizuizi cha kulala kimefika mwisho wa uwezo wake na kwamba jua la chini linahitaji kizuizi cha kusimama. Na kinakiweka kizuizi hicho mahali pake sahihi, mita 2 mbele ya ukuta, ambako joto linalokusanywa na turubai linapeperuka barazani badala ya kuingia dukani. Mtaalamu wa majengo asingekuwa na la kuongeza hapo ila kitambaa bora.

Sasa tupande ghorofani, ambako hakuna baraza. Mfuatano wa vipande, ukihesabu kutoka nje, ni huu: kioo, grili, pazia. Mfuatano huu haukuchaguliwa kwa sababu ya jua. Dirisha la chuma la kawaida la Kenya hufungukia nje, kwa hiyo grili haina pa kukaa ila nyuma yake, na pazia nalo hufuata nyuma ya grili. Lakini athari yake kwa jua ni kubwa: kila kinachozuia kimewekwa baada ya kioo, na kioo chenyewe hakizuii. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya nishati ya jua inayokigonga kwa mbele. Nishati hiyo ikishaingia na kugonga pazia, sakafu au kochi, hugeuka joto, na joto hilo halirudi kupitia kioo kwa urahisi ulioiingiza nuru. Pazia zito la rangi ya kahawia linalofungwa saa tisa alasiri linaficha jua, lakini linalificha likiwa limeshaingia. Linapata moto, linaupasha moto utepe wa hewa ulio kati yake na kioo, na hewa hiyo hupanda na kumwagika chumbani kupitia juu ya fimbo. Pazia jepesi la neti, linalopendwa kwa sababu huacha mwanga uingie, lina kasoro ya aina nyingine: jua likiligonga, kitambaa chote kinawaka cheupe, na dirisha ambalo mwanzo lilikuwa na doa moja la mwanga mkali linakuwa ubao mzima wa mwanga mkali.

Tofauti hiyo inatulazimu kutenganisha mambo mawili ambayo mazoea huyachanganya: joto na kiwi cha macho. Joto ni suala la kiasi. Kiwi ni suala la uwiano. Mwangaza wa jua la moja kwa moja hufikia lukisi 100,000 hivi, ilhali kusoma kitabu au kushona kunahitaji kati ya lukisi 300 na 500. Jicho lina uwezo mkubwa wa kujirekebisha kati ya viwango hivyo, lakini haliwezi kujirekebisha kwa vyote viwili kwa wakati mmoja. Mtoto anayefanya kazi ya shule mezani, uso ukielekea dirisha la magharibi, anasumbuliwa na ujirani wa mwangaza mkali na ukuta wa giza unaouzunguka. Na ukuta huo mara nyingi umefanywa wa giza kwa makusudi: nusu ya chini imepakwa rangi ya mafuta, kijani kibichi au hudhurungi, ili isionyeshe uchafu. Rangi hiyo ya mafuta ina dosari ya pili kwamba inang'aa, hivyo kizingiti cha chini cha dirisha kilichopakwa nyekundu ya mafuta kinarudisha mwale usoni mwa anayeketi mbele yake. Chumba kimoja, basi, kinaweza kuwa na mwanga uliozidi na mwanga uliopungua kwa wakati uleule, na mkaaji akawasha taa saa kumi jioni huku pazia limefungwa. Hali hiyo naiona ni kushindwa kwa umbo, wala si bahati mbaya ya hali ya hewa.

Kutoka hapa tunaweza kuihukumu tinti kwa haki. Karatasi nyeusi inayobandikwa kwenye kioo, au kioo cha buluu kinachoakisi, ndiyo dawa inayotafutwa kwanza siku hizi, na mvuto wake unaeleweka: haitokezi nje, haihitaji ruhusa ya jirani, na hufanya jengo lionekane la kisasa. Lakini tuitazame kazi yake. Tinti hupunguza kila kitu kwa kadiri ileile: ikiondoa nusu ya jua, imeondoa pia nusu ya mwanga wa mbingu na nusu ya mandhari. Na kwa kuwa ukuta wa ndani nao hupata mwanga wake kupitia dirisha hilohilo, ukuta umefifia kwa kiasi kilekile kilichofifisha dirisha, na uwiano kati ya viwili hivyo umebaki ulivyokuwa. Ukali umepungua, sikatai, na mchana wa adhuhuri chumba kinapoa. Ila mwale wa jua la jioni bado unachora mstari wake mezani, hafifu zaidi, katika chumba ambacho sasa ni cha giza zaidi. Tinti nyeusi, aidha, hufanya kazi kwa kufyonza, hivyo kioo chenyewe kinakuwa kipasha-joto. Na pale sehemu yake moja inapokuwa kwenye kivuli cha kofia na nyingine inapokuwa juani, tofauti ya joto huweza kukipasua. Aina inayoakisi haifyonzi sana, lakini faragha yake hugeuka usiku: taa ikiwashwa ndani, wa nje ndiye anayeona. Kasoro ya msingi ya tinti, kwa maoni yangu, ni kwamba haina uwezo wa kubagua. Dirisha zuri linapaswa kutofautisha jua na mwanga, mwale unaotoka magharibi na nuru inayotoka ardhini, saa tisa na saa tatu. Kinachopunguza vyote sawasawa hakijasoma chochote.

Mfano wa kizuizi kinachobagua hatuna haja ya kuutafuta mbali, kwa kuwa barabara hii inatupeleka kwake. Mwisho wake, katika Mji wa Kale wa Mombasa, na ng'ambo ya maji katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, madirisha ya ghorofani yana mbawa za mbao zenye luva: vibao vyembamba vilivyopangwa kwa mwinamo ndani ya fremu, kimoja juu ya kingine, vikielekeza ukingo wao wa nje chini. Nyumba za mawe za Lamu, zilizotangulia mtindo huo, zilijibu swali hilihili kwa njia tofauti: kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa kiasi cha nusu mita, vichochoro vyembamba vinavyotiliana kivuli, na mwanga unaochukuliwa kutoka uani badala ya mtaani. Majibu yote mawili yana kina. La Lamu kina chake ni cha ukuta, la Mombasa kina chake kimekatwakatwa vipande vidogo na kurudiwa. Ni hili la pili linaloweza kusafiri kufika Salama, kwa sababu halidai ukuta mpya.

Tukiangalie kibao kimoja kwa karibu. Tuseme kina upana wa sentimita 10, kimeinama nyuzi 45, na kutoka kibao kimoja hadi kinachofuata ni sentimita 7. Kwa vipimo hivyo, ukingo wa nje wa kibao cha juu unashuka hadi kufikia usawa wa ukingo wa ndani wa kibao cha chini, na hakuna mwale wowote wa moja kwa moja unaoweza kupenya, hata jua likiwa limegusa vilima vya magharibi. Kile ambacho ukingo wa paa ulihitaji mita kadhaa kukifanya, vibao hivi vinakifanya ndani ya sentimita 7 za kina. Siri yake ni marudio. Kila kibao kina dirisha lake dogo la kulinda, la sentimita 7 tu, na kwa dirisha la sentimita 7 kivuli kifupi kinatosha. Jambo hili ni la umbo tupu, na kila ninapolifikiria linanifurahisha kama linavyonifurahisha shairi lenye mizani sawa: ugumu mmoja mkubwa umegawanywa katika magumu madogo yanayofanana, kisha likapatikana jibu moja la kurudiwa.

Ila uzuri wa luva haumo katika kuzuia peke yake. Jua hushuka kutoka nje likielekea ndani. Jicho la mtu aliye ghorofani hushuka kutoka ndani likielekea nje. Njia hizi mbili zimepishana, na mwinamo uleule unaofunga ya kwanza unaifungua ya pili. Anayesimama nyuma ya vibao hivyo anaiona barabara iliyo chini yake, malori yaliyoegeshwa, mwenye turubai akilishusha, bila yeye kuonekana na bila jua kumwona. Na kuna njia ya tatu: mwanga uliogonga ardhi kwanza, ukapanda. Udongo mwekundu wa Ukambani hurudisha sehemu ndogo tu ya jua linaloupata, na sehemu hiyo, ikipanda kupitia nafasi kati ya vibao, inaingia chumbani ikielekea juu, inafika darini na kutawanyika kutoka huko. Mwanga huo umepoteza ukali wake njiani. Chumba kinang'aa bila kuwa na chanzo cha kung'aa ambacho jicho linaweza kukikodolea, na ukuta wa kuzunguka dirisha, ukiangaziwa kutoka juu, hautofautiani tena sana na dirisha lenyewe. Uwiano umerekebishwa, jambo ambalo tinti haikuliweza.

Hapa sina budi kukitenga kifaa kinachobeba jina hilohilo bila kazi hiyohiyo. Luva za kioo, vile vipande vya kioo vinavyogeuzwa kwa mkono wa chuma, tunavyoviona katika vyoo, zahanati na madarasa, zimehifadhi mwinamo na marudio ya luva ya mbao lakini zimeacha giza lake. Kwa upepo zinafaa sana. Kwa jua hazina kazi, na vipande vinapoinamishwa, kila kimoja huakisi mwale wake, ikawa chumba kimepata vimulimuli vingi badala ya kimoja.

Si kwamba jibu la pwani linaweza kuhamishwa jinsi lilivyo. Mombasa inahitaji kivuli na upepo mwaka mzima. Salama, iliyo juu zaidi na kavu zaidi, ina miezi ya Juni, Julai na Agosti ambapo asubuhi hutanda mawingu, baridi huwa kali, na jua likitokea hupokelewa kwa shukrani. Kizuizi kisichofunguka kingekuwa kosa katika miezi hiyo. Ndiyo maana naona mbawa zenye bawaba ni bora kuliko fremu iliyochomelewa moja kwa moja ukutani: umbo linapaswa kuwa na majira. Mbawa za Mombasa zilikwisha kulielewa hilo katika kipimo cha siku, kwa kuwa sehemu ya chini ya bawa mara nyingi ina kijibawa chake kinachosukumwa nje peke yake, ili mtu achungulie mtaani huku sehemu ya juu imefungwa.

Ulimwengu wa wasanifu wakubwa ulipita njia hiihii, tena kwa gharama kubwa. Mwaka 1933 Le Corbusier aliufungua mjini Paris ukuta mzima wa kioo usiofunguka, ukielekea kusini, katika makao aliyolijengea Jeshi la Wokovu. Majira ya joto yalipofika, waliolala ndani waliteseka, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia jengo likaongezewa vivunja-jua mbele ya kioo. Katika jengo la Wizara ya Elimu na Afya mjini Rio de Janeiro, alikokuwa mshauri wa kina Lúcio Costa na Oscar Niemeyer, ukuta wa kaskazini, ambao huko ndio wa jua, ulipewa luva zinazogeuzwa, nje ya kioo. Kwetu, Charles Hooper alichapisha mwaka 1975, kupitia Chuo Kikuu cha Nairobi, mwongozo wa kubuni nyumba za gharama nafuu kwa kufuata hali mbalimbali za hewa za Kenya. Maarifa hayakukosekana, basi. Kilichokosekana ni njia ya kuyafikisha kwa fundi wa jua kali anayechomelea madirisha kando ya barabara kwa vipimo vilevile, yaelekee mashariki au magharibi, kwa sababu mteja anaagiza kwa futi na hataji dira.

Ukiiacha barabara na kupanda kuelekea Mukaa na vilima vya Kilungu, sarufi inabadilika. Huko mwenye shamba ana uhuru wa kuigeuza nyumba, na tofali la kuchoma lenye unene wake humpa kina ambacho ukuta mwembamba haumpi. Nyumba za kale za Wakamba, misonge ya nyasi yenye mapaa yaliyoshuka karibu na ardhi, hazikuwa na suala la dirisha kwa kuwa hazikuwa na dirisha. Mwanga uliingia kwa mlango, baada ya kugonga ua uliofagiwa. Sitaki tuurudie msonge kwa kuutamani, ila ule mpango wa kuupokea mwanga kutoka chini ndio uleule tulioukuta katika luva. Huko vilimani kizuizi bora cha jua la magharibi ni mti. Mti wa mita 6, jua likiwa na kimo cha nyuzi 25, hutupa kivuli cha karibu mita 13, kwa hiyo unaweza kupandwa mbali na msingi wa nyumba na bado ukafika dirishani jioni. Uchaguzi wa mti nao ni suala la wakati. Mukau, mti wa fahari wa nchi kavu hii na wenye mbao zisizoliwa na mchwa kwa urahisi, hupukutisha majani kiangazi na kuchipua mvua zikikaribia, hivyo unaweza kuwa mtupu wakati kivuli kinapohitajika zaidi. Mwembe haupukutishi. Makueni ina maembe ya kutosha kwa mtu kuupanda mmoja magharibi mwa sebule, kwa sababu mbili badala ya moja.

Mjini, ambako mti hauna nafasi kati ya ukuta na lami, tunarudi kwenye chuma, na kuna suala la mwisho la umbo ambalo anayetaka kuweka luva Salama atakutana nalo siku ya kwanza. Dirisha la chuma hufungukia nje. Bawa la luva nalo linataka kukaa nje. Mawili hayo hayawezi kushika nafasi moja. Wengi wanaokwama hapa huishia kurudi kwenye pazia. Njia zipo mbili. Ya kwanza ni kubadilisha kioo kiwe cha kuteleza, ili nje pawe huru kwa bawa. Ya pili, ambayo naiona ina uzuri zaidi, ni kukubali ule mgongano na kuugeuza kuwa kina: fremu ya luva isimamishwe mbele ya ukuta kwa umbali unaozidi kidogo upana wa bawa la dirisha, tuseme sentimita 50 hivi, ikining'inia kwenye kofia ya zege ambayo tuliiona haina kazi ya jua, na iwe na bawaba zake za kufungulia nje siku za baridi. Kofia hapo inapata maana mpya, ya mshikizo. Pembeni paachwe wazi, na kati ya kofia na fremu iachwe nafasi, ili hewa inayopashwa moto na vibao ipande na kutoka kabla haijafika kwenye kioo; kwa mpangilio huo hata vibao vya bati bapa, ambavyo fundi wa kando ya barabara hukata kwa urahisi kuliko mbao, vitafaa, mradi upande wa juu upakwe rangi isiyo na giza wala mng'ao.

Ndani, kazi inayobaki ni ndogo. Fremu ya dirisha jipya ikaribie uso wa ndani wa ukuta badala ya uso wa nje, ili unene wa jiwe uhesabike upande wa jua. Kuta za pembeni mwa dirisha zipakwe nyeupe isiyong'aa, zipokee mwanga na kulainisha mpaka kati ya nje na ndani. Na kwa kuwa luva imeugeuza mwanga uingie ukipanda, anayeona jinsi ulivyopanda atajua pa kuanzia: rangi nyeupe ikiwa ni debe moja tu, iende darini kabla ya kuta.